Hodi kwa kila biti

Mwaka 1969 kampuni ya BBN ya Marekani ilipewa kazi ya kuunganisha kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, kompyuta ambazo hazikuwa ndugu hata kidogo. Kompyuta ya Sigma 7 ya chuo cha UCLA ilishughulikia biti (tarakimu za 0 au 1) 32 kwa mkupuo, SDS 940 ya taasisi ya utafiti ya SRI biti 24, PDP-10 ya Chuo Kikuu cha Utah biti 36. Mbele ya kila moja ilikaa IMP, mashine ya Honeywell ya biti 16 iliyosafirisha pakiti, yaani vifurushi vya data.

Jibu la BBN, lililoandikwa katika Ripoti 1822, lilikuwa kupitisha biti moja moja kwenye kebo kati ya kompyuta na IMP yake. Anayetuma anapiga hodi: biti yako hii. Anayepokea anaichukua, kisha anaitikia: lete nyingine. Hakuna saa ya kuwaharakisha. Kompyuta ikibanwa na shughuli zake inanyamaza tu, na biti inasubiri mlangoni.

Ni mwendo wa kinyonga, utasema. Hoja hiyo hainisumbui, kwa sababu laini za simu kati ya IMP zenyewe zilibeba kilobiti 50 tu kwa sekunde. Gharama ndiyo hoja nzito. Kompyuta hizo hazikutoka kiwandani na kiolesura hicho, yaani kifaa cha kuziunganisha na IMP, hivyo kila chuo kilijitafutia fundi wake. UCLA kazi ilimwangukia mwanafunzi, Mike Wingfield. Bob Metcalfe, kabla ya kuvumbua Ethernet, teknolojia ya kuunganisha kompyuta za jirani, aliomba kuiunganisha Harvard akakataliwa. Akahamia MIT akaijengea kiolesura PDP-10 ya chuo hicho. Lakini kama biti 16 zingepita kwa pamoja, mafundi hao wangehangaika zaidi, maana 36 haigawanyiki kwa 16.

Ninapotofautiana na BBN ni kwenye imani yao kwa kebo. Laini kati ya IMP zilikaguliwa makosa kwa biti 24 za ziada. Kebo ya kompyuta haikukaguliwa. Kwa kebo ya mita 9 sina neno. Ila toleo la masafa marefu lilifika takriban mita 600 kwa imani ileile, na ukaguzi ulikuja tu pale modemu, vifaa vya kupitisha data kwenye laini za simu, zilipoingia katikati. Biti ikiharibika hapo mlangoni, mtandao ulihesabu kwamba mzigo umefika salama.

Mwaka 1974 wataalamu wa mitandao Vint Cerf na Bob Kahn walipendekeza kompyuta zenyewe, huku na kule, ndizo zikague kilichofika. Kahn huyo ndiye aliyeshiriki kuiandika Ripoti 1822.