Barabara ipite, ila kwa jirani

Jamani mi sina ugomvi na mipango miji, hilo lieleweke kabisa kabla mtu hajaniita mpinga maendeleo. Huku kwetu ilikuwa ni mikorosho tu, mtu akikuuliza unakaa wapi unamwonesha kwa kidevu. Afu tukatangazwa kwenye gazeti la serikali kuwa eneo la mipango miji, kijiji kikafa tukaamka mtaa, mwenyekiti yule yule, mhuri mpya. Ile sheria ya ardhi ya vijiji Na. 5 ya 1999 tuliyokuwa tunatishiana nayo kwenye vikao haituhusu tena, tumehamishiwa sheria ya ardhi Na. 4 ya mwaka huo huo, na lile shamba la ukoo pamoja na sisi tuliomegewa miaka hiyo wote tunakatwa viwanja.

Mchoro ukabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mzuri, usipime! Una rangi kama kitenge cha harusi, kijani eneo la wazi, hapa shule, hapa zahanati, soko, nyumba za ibada, makaburi, na barabara zote zimenyooka. Nikavaa miwani nikatafuta kwangu. Choo changu kiko katikati ya barabara ya mita kumi. Sio pembeni, katikati. Yaani nikitoka usiku inabidi niangalie kwanza kulia na kushoto.

Ukaitishwa mkutano, maana walisema sheria ya mipango miji ya 2007 inataka wananchi tushirikishwe. Afisa mipango miji kijana mpole, amevaa raba nyeupe, ndo kosa lake la kwanza huku kwetu. Akauliza nani anataka barabara, mikono yote juu, na wa kwanza kunyanyua alikuwa shemeji yangu, ananyanyua huku amesimama. Akauliza tena, nani yuko tayari kuachia eneo lake ipite, wee, ghafla kila mtu anajikuna mguu. Fidia nayo tukaambiwa hakuna, huo ni mchango wako kwa mtaa. Mchango! Mi hata wa harusi nalipa kwa mafungu.

Mzee mmoja akamshika kijana mkono, "Kijana wangu, hiyo kalamu yako haiwezi kupinda kidogo hapa?" Kijana akasema, "Shikamoo mzee, barabara haipindi kwa ajili ya mnazi." Mzee akakasirika kweli kweli, "Marahaba, ila huo sio mnazi, ni mwembe dodo."

Wa bondeni ndo usiseme. Wameambiwa sheria ya mazingira inataka mita 60 toka mtoni zisijengwe, wakasimama wote kwa pamoja kusema ule sio mto, ni maji tu yanapita. Masika iliyopita hayo maji yanayopita tu yaliondoka na daraja na bodaboda ya mtu.

Makaburi sasa. Shule tunataka ila isiwe karibu sana, kelele. Zahanati tunataka, ila isigusane na ukuta wangu. Makaburi hakuna aliyetaka hata kwa dawa, mwenyekiti akauliza sasa jamani mtazikwa wapi, mama mmoja akajibu bila kupepesa, "Sisi tunasafirishwa kwetu."

Na lile eneo la wazi, lile la kijani, watoto wetu wakachezee mpira, kumbe dalali alishaliuza zamani, kuna mtu kashamwaga zege la msingi na tofali kapanga. Mwenye msingi analia mkutanoni na karatasi yake ya mauziano ina sahihi za mashahidi mpaka balozi wa nyumba kumi, dalali simu haipatikani, na mashahidi wenyewe wapo hapo hapo wamekaa mstari wa mbele wanatikisa vichwa kumsikitikia.

Basi mchoro ukaenda kwenye kamati ya halmashauri, tukakaa, tukakaa, ukarudishwa. Eti barabara za ndani nyembamba, gari la zimamoto halipiti. Ni kweli, sikatai, huku nyumba ikiwaka tunazima kwa ndoo na kelele. Wakachora upya. Choo changu kimepona, jiko limekwenda.

Halafu vile vigingi vya awali walivyochomeka ili tuone mistari inapita wapi, kimoja mtu kakifungia mbuzi, kingine kila asubuhi kinaamka sehemu tofauti. Mzee wa mwembe dodo ndo aliyepiga kelele kuliko wote kwamba gari la taka lipate njia, na ndo huyo huyo fensi yake ya minyaa imesogea barabarani hatua mbili, ukimuuliza anakwambia mjukuu wangu, minyaa inakua.

Tumepewa muda wa kuleta pingamizi kwa maandishi kabla mchoro haujarudi tena kamatini. Mi yangu nishaandika, kurasa tatu, mwanangu kanisaidia kuchapa. Nimeeleza kitaalamu kabisa kwamba jiko ni uhai wa familia, na nimependekeza barabara isogee upande wa pili ambako hakuna madhara makubwa, ni sebule tu ya shemeji.