Kati si katikati

Fundi umeme aliniuliza soketi ya televisheni aiweke wapi, nami nikamjibu simu ikiwa sikioni: "Weka hapo kati ya mlango na dirisha." Jioni narudi, naikuta soketi imekaa shubiri moja tu kutoka kwenye fremu ya mlango, na ukuta wenyewe una mita tatu. Nikafoka. Akanitazama kwa upole: "Bosi, kwani hapo si kati ya mlango na dirisha? Ungesema katikati ningepima."

Nikakosa la kujibu. Alikuwa sahihi, na mimi ndiye ninayejifanya mjuzi wa lugha.

"Kati ya" hudai mipaka tu. Ukishataja huku na huku, popote ndani yake pamo. Morogoro iko kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na hakuna atakayekubishia, ingawa kutoka Dar ni kilomita kama 190 na kutoka hapo hadi Dodoma zimebaki kama 260. Ukisema iko katikati, dereva wa basi atakucheka. Neno likirudiwa hukazwa, kama sawa inavyokuwa sawasawa. Katikati ni kati iliyopigwa futi. Wakikuyu nao husema gatagati, sijui tumeambizana lini. Na TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, hoja mojawapo ilikuwa kwamba mji huo uko katikati ya nchi. Kusema uko "kati ya" mikoa fulani kusingemshawishi mtu.

Najua mtanikumbusha mpira. Timu ikifungwa, jukwaa zima hupiga kelele, "Weka mpira kati!", na hakuna anayesema katikati. Sawa, lakini pale chokaa imeshapima kwa niaba yetu.

Sina ugomvi na "mmoja kati ya wachezaji", japo mwalimu wangu alitaka "miongoni mwa" na alikuwa na fimbo ya kutilia mkazo.

Ugomvi wangu ni na "kitovu". Siku hizi kila kilicho katikati kinaitwa kitovu: kitovu cha jiji, hata kitovu cha uwanja. Wakati mwili wenyewe umeshatufundisha. Kitovu ni mahali ulipofungwa na mama yako, ulipopitia uhai. Mtu akisema kitovu chake kimezikwa Pangani, hakuambii Pangani iko katikati ya chochote. Anakwambia ndiko alikotokea. Kwa hiyo kitovu ni chimbuko, mahali jambo linapoanzia na kusambaa. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilikuwa na kitovu chake kule pembeni kabisa mwa nchi, kaskazini magharibi, na neno likakaa mahali pake bila taabu. Kariakoo nayo naikubali kuwa kitovu cha biashara, maana bidhaa zinatoka pale kwenda mikoani. Lakini mnara wa saa uliosimama katikati ya mji, usiotoa kitu zaidi ya saa isiyo sahihi, ni kitovu cha nini?

Soketi sikuihamisha. Kuchimba ukuta upya na kupaka rangi ni gharama, kwa hiyo televisheni iko katikati ya ukuta na waya wa ekstensheni umelala sakafuni, kati ya mlango na dirisha.