Ukitoka naiti, anza na asubuhi sio usiku

Ukimaliza wiki ya naiti ushauri unaopewa ni ule ule, "leo usilale kabisa, jikaze mpaka usiku, kesho utakuwa fresh." Mi niko maabara, hospitali moja hapa Dar, na huo ushauri siupendi hata kidogo. Utajikaza mpaka saa kumi jioni, utadondoka kwenye kochi, unashtuka saa tano usiku macho makavuuu, naiti inaendelea ila safari hii hulipwi.

Mwili una saa yake humo kwenye ubongo na kinachoiseti zaidi ni mwanga. Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa Nobel 2017 kwa kuonyesha jeni zinavyoiendesha hiyo saa ndani ya seli, kwahiyo usijilaumu, haisogei kwa ubishi, wengi inasogea kama lisaa limoja hivi kwa siku. Kama ulishazoea kulala saa mbili asubuhi piga hesabu mwenyewe.

Ndo maana mi nasema shikilia muda wa kuamka, wa kulala utajileta. Asubuhi ya mwisho ya naiti lala masaa matatu manne tu, alamu ikilia toka nje, tembea hata mpaka gengeni. Kesho yake hata kama usiku ulilala vibaya amka saa kumi na mbili na nusu, chai kanywee barazani, keshokutwa hivyo hivyo, na hapa tuna bahati maana jua letu linachomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, mwenzako aliyeko Uingereza Desemba anaingia kazini giza anatoka giza. (Ukiwa bado uko naiti fanya kinyume, vaa miwani ya jua kwenye daladala wakucheke tu.)

Kahawa ya kijiweni jioni acha kwanza, masaa matano baadae karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini. Na Piriton jamani! Ile ni dawa ya aleji, usingizi wake unaamka nao kichwa kizito, na ukiizoea haikulazi tena.

Ila vita yenyewe iko nyumbani. Usingizi wa mchana hauna heshima kwetu. Bati linachemka, umeme ukikatika feni nayo imekufa, jamaa wa dawa ya panya na kunguni anapita na spika yake, na shemeji akikukuta kitandani saa tano asubuhi ukoo mzima utajua wewe mvivu. Mtu huyo huyo usiku wa manane akiletwa hospitali anategemea akukute macho.

Halafu kuna wanaopanga rosta, naiti mbili, mchana mmoja, off moja, naiti tena, hapo hata uamke na jogoo hakuna cha kurudisha. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 ya Tanzania bara inasema kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Sawa, ni haki yetu, lakini mi binafsi hiyo asilimia 5 wangeniambia chukua au uache, ningeiacha nipangiwe naiti zote kwa mfululizo na off tatu zifuatane.