Muulizeni kwanza nani anamlipa

Makala niliyoisoma inawashauri ndugu wa mraibu wakague vyeti vya mshauri anayeitwa kumshawishi mgonjwa akubali tiba. Sawa, lakini mimi ningeanza na swali jingine: kituo cha tiba unachotupeleka kinakupa kamisheni? Marekani ilipiga marufuku malipo ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 2018. Sisi tulipomwita mshauri hatukuuliza. Kaka yangu alikaa ukingoni mwa kiti, mikono ikimtetemeka hadi maji yakamwagika kwenye glasi, na mshauri akamwamuru aache pombe usiku uleule. Bila daktari! Mnywaji wa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Na siri tulizomwambia mshauri faraghani, tulikuja kuzisikia kwa majirani. Inaniuma mpaka leo.