Kabla hamjaiamini ile ya kwenye grupu

Jamani, najua imeshawafikia. Rafiki yangu wa uhasibu, ambaye kuanzia jana ni rafiki kwa jina tu, kaitupia kwenye grupu kabla hata sijanawa uso. Anasema nililia. Sikulia. Yale yalikuwa machozi ya pilipili, na hayo hayahesabiwi.

Iko hivi. Saa saba, baridi ya Julai hapa Mbeya mnaijua, ananiambia: "Mwaisa, nyuma ya soko la Mwanjelwa kuna mama anapika tambi za Kivietnam, bakuli elfu tatu." Wavietnam niliowajua mimi ni wale wa kampuni ya simu, Halotel. Ila elfu tatu, tarehe 19, mshahara bado uko mbali? Nilitangulia mimi.

Mama mwenyewe mtu wa Tukuyu, aliwahi kuwapikia Wavietnam Dar. Mifupa ya ng'ombe iko motoni tangu alfajiri, na mdalasini, na tangawizi iliyochomwa kwanza kwenye mkaa, na kiungo fulani chenye umbo la nyota. Supu hiyo anaimwaga ikitokota juu ya tambi za mchele (watu wa Kyela, mnasikia mchele unavyofanywa?). Pembeni giligilani, ndimu, pilipili kichaa. Inaitwa pho, lakini ukisema "fo" anakusahihisha: ni "fa", unaishusha halafu unaipandisha kama unauliza swali.

"Uma upo, kaka."

Nikasema naomba vijiti. Msiniulize.

Mvuke ukaziba miwani, nikaivua. Sasa naona ukungu mtupu. Nikadaka tambi moja, nikaanza kuivuta kwa mdomo. Ikaja. Ikaendelea kuja. Tambi haina mwisho, utadhani foleni ya malori ya Tunduma! Benchi zima limenyamaza, mimi midomo nimeibana, mashavu yameingia ndani, kukata siwezi, kurudisha ni aibu. Nikaongeza nguvu. Fyuuup! Mkia ukaruka, ukanichapa pua, ukamalizia jichoni na mbegu ya pilipili juu yake. Jicho la kulia. La kushoto nalo likafumba kwa kumhurumia mwenzake.

Nikapapasa. Mkono ukagusa kitambaa, laini, kimetulia pale kwenye benchi. Nikasema moyoni, huyu mama ana huduma, kaweka mpaka leso. Nikafuta jicho. Nikafuta la pili. Nikafuta paji la uso. Halafu, na hapa yule mtangazaji hajaongeza chumvi hata punje, nikapenga kamasi. Kwa pumzi zote. Mafua ya wiki nzima.

Kitambaa kikasema: "Malizia tu, mwanangu, si umeshaanza."

Nikavaa miwani. Lilikuwa pindo la kitenge cha bibi mmoja, kakifunga kiunoni. Bakuli lake jeupe, kala kwa uma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Basi. Radhi nikaomba, sokoni nikaenda naye, kitenge Sh 15,000, rangi kachagua mwenyewe, hela nimekopa kwa huyo huyo anayenisambaza. Bibi akasema "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, akaondoka. Ofisini nikaingia saa tisa na jicho kama nyanya.

Ila supu ile ni tamu, siwadanganyi, na sikuimaliza. Vietnam wenyewe huinywa asubuhi, kama sisi na supu yetu. Kesho saa moja niko pale. Bibi, nimeshaulizia, huwa anakuja mchana.