Apewe Mkanda!

Mama Kevo alinionya mapema. Aliishika ile kaptura kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya, akaivuta kiunoni, lastiki ikalia krrr kama mkate mkavu.

"Baba Kevo, hii lastiki ilikufa zamani. Niachie niweke nyingine."

Nikakataa. Ningekubalije, na habari za bondia George Foreman zilikuwa zimenikaa kichwani kama deni? Mwaka 1974, Kinshasa, Muhammad Ali alimlaza raundi ya 8 na kumvua ubingwa wa dunia wa uzani wa juu. Novemba 1994, Las Vegas, mzee Foreman akiwa na miaka 45 akapanda ulingoni kupigana na Michael Moorer, kijana wa miaka 26. Majaji wote watatu walikuwa wamemweka kijana mbele kwa pointi. Raundi ya 10 mzee akapeleka mkono wa kulia, kijana akalala. Na alikuwa amevaa nini? Kaptura nyekundu ile ile aliyopigwa nayo Kinshasa!

Sasa hesabu mwenyewe. Mimi nina miaka 45. Nilipigwa 2004, raundi ya 3, na jamaa ambaye siku hizi anauza makaa mtaani kwetu. Kaptura ni nyekundu. Marudiano yakapangwa 2024, ya kuchangisha pesa za glavu za vijana. Na hapa ni Nakuru, mji wa bondia Philip Waruinge, aliyeleta shaba ya Olimpiki 1968 na fedha 1972. Hata tuna ukumbi unaoitwa Madison Square Garden, kama ule maarufu wa New York, na hakuna anayecheka. Sisi tulipewa uwanja wa shule na kamba za katani.

Kweli, 2004 tulikuwa uzani wa unyoya. Unyoya huo sasa umekuwa kuku mzima.

Raundi ya kwanza nilicheza vizuri, nasema hivyo bila aibu. Ya pili nikavuta tumbo ndani kukwepa ngumi, lastiki ikakata roho. Nikasikia upepo.

Kama hujawahi kuvaa glavu huwezi kunielewa: ndani ya glavu huna vidole. Nikabana kaptura kwa viwiko, uso ukabaki wazi, nikala moja ya shavu. Nikainua mikono kulinda shavu, kaptura ikashuka hadi magotini. Namshukuru Mungu nilikuwa na ya ndani, ingawa nayo ilikuwa na miaka yake.

Muuza makaa ni muungwana. Akarudi nyuma. "Pandisha kwanza, mzee."

Kupandisha na nini?

"Apewe mkanda!" mtoto mmoja akapiga kelele. Uwanja mzima ukaitikia: "Apewe mkanda! Apewe mkanda!" Miaka 20 nimeota kuimbiwa maneno hayo.

Ndipo nikaona safu ya mbele. Mama mkwe. Alikuwa ametoka Kakamega kumwona mjukuu akipigana pambano la utangulizi, nami nilihakikishiwa kwamba angeondoka mapema. Sisi Waluhya, mama mkwe hata mkono humpi. Miaka 15 tumekuwa tukisalimiana kwa mbali, kila mtu akitazama pembeni. Alikuwa amejifunika leso kichwa kizima kama mtu anayejifukiza.

Nikaamua kukimbia. Lakini kaptura ilikuwa imeshafika vifundoni, na hatua ya pili nikaenda chini kama gunia, pua mchangani. Refa akaona kazi imepatikana, akaanza kuhesabu. Mimi nikabaki pale pale, maana kuinuka kulikuwa kubaya zaidi. Akafika kumi.

Kwenye karatasi imeandikwa nimeshindwa kwa nokauti raundi ya 2. Muuza makaa alikuwa amesimama mita tatu nyuma yangu, anafuta machozi.

Pesa za glavu zilipatikana, nyingine kutoka kwa watu waliotaka kujua raundi ya 3 ni lini.

Mama mkwe aliondoka Jumatatu alfajiri, nikiwa bado nimejificha chumbani. Mezani aliacha ndizi, sukari kilo moja, na mita mbili za lastiki nyeusi, ile pana. Hakusema ni ya nani.