Jina la Hijazi kwenye fedha za adui

Sharifu Hussein wa Makka alipowaasi Waturuki mwezi Juni 1916, kisha akajitangaza mfalme, hakuwa na sarafu yake. Zilichukuliwa fedha zilizokuwa tayari mikononi mwa watu, hasa majidi, sarafu ya fedha ya Kituruki ya kurushi 20, na reale ya Maria Theresa, zikagongwa neno moja la Kiarabu: al-Hijaz, jina la nchi yenye Makka na Madina.

Wanaoiona hatua hiyo kuwa ya unyonge wana hoja nzito. Majidi ina tughra, yaani saini ya masultani wa Istanbul, wale wale walioasiwa. Reale ina sura ya malkia wa Austria, na katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Austria ilikuwa upande wa Waturuki. Ufalme ulizaliwa ukilipana kwa alama za maadui zake wawili! Tena muhuri haukuongeza hata chembe ya fedha, na yeyote mwenye nyundo na chuma kilichochongwa angeweza kuuiga. Ndiyo maana hadi leo wakusanyaji wa sarafu hubishana ipi ni ya kweli.

Lakini mwenye ngamia aliyebeba mizigo ya vita hakula heshima ya mfalme. Alitaka kitu anachokijua. Reale ina uzito wa gramu 28, zaidi ya 23 zikiwa fedha safi, na mwaka wake ni ule ule 1780 ingawa iliendelea kupigwa muda mrefu baada ya malkia kufa. Ilipokelewa Yemeni, Uhabeshi, hata Unguja. Sisi wa pwani tumeirithi kwa jina hilo hilo la reale. Kumletea mtu huyo sarafu ngeni katikati ya vita ni kumtaka akuamini kabla hujamlipa. Hata Ibn Saud, hasimu wa Hussein, aligonga neno Najd, jina la nchi yake katikati ya Arabuni, kwenye reale na rupia za Kihindi.

Kwangu mimi muhuri haukuwa kosa. Kosa ni kukawia. Sarafu za Hussein mwenyewe, zenye jina la Makka, zilitoka mwaka 1923, dinari ya dhahabu ikiwamo. Zimeandikwa 1334, mwaka wa Kiislamu wa uasi, pamoja na mwaka wa nane wa utawala. Oktoba 1924 akajiuzulu, na mwezi huo huo Makka ikaingia mikononi mwa Ibn Saud. Naye alipotoa riyali yake ya fedha mwaka 1928, aliipa ukubwa wa majidi ile ile ya Kituruki.